Ukurasa Niliounywa

Mwalimu hakugusa kitabu kwa kidole. Alikuwa na unyoya wa kanga, yule ndege wa porini, mrefu wenye madoa meupe, na ncha ya unyoya ule ndiyo iliyotembea juu ya herufi, kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu, kama siafu aliyeachwa na wenzake. Mtoto akisahau akaweka kidole, unyoya ulimchapa juu ya ukucha. Haukuumiza, uliwasha tu. “Kidole kina mafuta,” alisema. “Na karatasi haisahau mafuta.”

Tulikuwa saba kwenye mkeka wake, pale Kolo. Mimi majina hayanitoki: Mwanaidi binti Shabani, Halima na mdogo wake Tatu, Ramadhani wa mhunzi, Kidawa, Idi Kengeza, na mimi Zaina. Jina la Mwalimu nalijua pia, na la baba yake, na la mtaa aliozaliwa huko pwani. Silitaji. Hatukumwita kwa jina hata siku moja, na mwenyewe alisema jina la mwanamke halianikwi kama nguo. Kolo nzima ilimwita Mwalimu, hata wazee ambao hawakujua alif wala be.

Namwandika kwa sababu ya mjukuu wangu Rehema, anayefundisha shule hapa Ipagala. Mwezi uliopita nilifungua sanduku langu nikamsomea ukurasa mmoja wa kitabu cha zamani. Hakungoja nimalize. Akaziba masikio.

“Bibi! Hicho kichomwe. Watu wazima wanaweka matusi kama hayo ndani ya nyumba? Watoto wakisikia je?”

Nikamwambia, “Kitachomwa ukitaka, nikishakufa. Lakini kwanza umjue aliyenipa.” Naye akanipa daftari, akasema, “Haya, andika.” Basi huyu ndiye.

Wino aliutengeneza mwenyewe. Alikwangua masizi ya chungu, akayatwanga, akayachanganya na gundi ya mgunga tuliyomletea kutoka porini. Tulikula gundi nusu, nusu ndiyo ilifika kwake, naye alijua, kwa kuwa midomo yetu ilinata tukishindwa kujibu salamu. “Shikamoo” inatoka “shikamuu.” Aliitikia, “Marahaba, wezi wangu.”

Wino wa namna ile unatoka kwa maji. Mbao zetu za kuandikia tuliziosha kila siku, lakini maji yake hayakumwagwa ovyo. Yalikuwa na maneno ya Mungu ndani. Tuliyamwaga chini ya ua wa miiba, mahali pasipokanyagwa. Na mtu akiugua, Mwalimu alimwandikia kombe: aya juu ya sahani, maji ya moto, mgonjwa akanywa. Hakumkatalia mtu. Wengine waliokuja kunywa walikuwa bado wanatambikia mizimu yao, nao aliwaandikia, akawaambia tu wasimwage mabaki.

Alikuwa na neno lake moja, alilisema mpaka mbuzi wakalijua: “Soma ulichokiona, usisome ulichokisikia.” Maana sisi tulikuwa wajanja. Tulishika maneno kwa wimbo, tukayumba nayo, macho yako barabarani. Siku moja Idi Kengeza alisoma sura nzima bila kukosea hata neno, na ubao wake ukiwa juu chini. Mwalimu alimwacha amalize. Akamwambia, “Ahsante baba. Sasa geuka na wewe, miguu juu, tuone kama utaendelea.” Halima na Tatu wakamshika kweli miguu.

Alikuwa mkali wa herufi, lakini ng'ombe walimtisha. Akisikia njuga za mifugo inateremka kwenda mtoni aliingia ndani, akafunga mlango, akaendelea kutufundisha kwa sauti kutoka ndani. Picha za watu alisema hazifai, si halali. Kule mlimani kwetu kuna mawe yaliyochorwa kwa rangi nyekundu na watu wasiojulikana, na kila tukipita naye alijifunika uso kwa kaniki. Mwanaidi aliapa kwamba kaniki ile ilikuwa na tundu. Nami naamini, kwa sababu siku moja Mwalimu alituuliza, kama mtu asiyetaka jibu, “Hivi yule mrefu wa jiwe la tatu, amebeba upinde au amebeba fimbo?”

Na upepo wa kwetu aliulaumu kila siku ya Mungu. Unakausha midomo, unajaza mchanga kwenye chungu, unamgeuza mtu kuwa ngozi. Shemeji zake wa pwani walimtumia watu mara mbili aende nao. Mara zote mbili aliugua mgongo siku ya safari, akapona walipoondoka.

Mama yangu, Hawa, ndiye aliyekuwa rafiki yake, ingawa ungewasikia ungesema ni mahasimu. Mama Kiswahili alikijua cha sokoni tu, Mwalimu akamcheka. Mwalimu hakuweza kupanda kilima na mtungi kichwani, mama akamcheka. Kila jioni mama alimpelekea ugali wa uwele na mlenda.

“Leo tu, Hawa,” Mwalimu alisema. “Nakula kwa kukuheshimu.”

“Heshima yako ina tumbo kubwa,” mama akajibu, maana bakuli lilirudi limelambwa.

Mama alikamua mafuta ya nyonyo: alizikaanga mbegu, akazitwanga, akazichemsha, akaengua mafuta. Kwetu ndiyo mafuta ya kujipaka, mwanamke akipita unamjua kwa harufu. Mwalimu alikuwa na mafuta yake ya nazi ya pwani ndani ya chupa, akasema nyonyo ni ya kulainisha ngozi za ng'ombe. Chupa ikaisha. Miezi michache baadaye tukaanza kusikia harufu kwenye mkeka, tukatazamana. Magoti ya Mwalimu yaling'aa. Hakuna aliyethubutu kusema, isipokuwa Tatu, aliyekuwa mdogo kuliko wote, akauliza, “Mwalimu, wewe sasa umekuwa ng'ombe?”

Sasa kitabu.

Mume wake, yeye alimwita marehemu wangu, alikuwa mwandishi wa misafara. Alipita kwetu mara ya kwanza kabla ya Mjerumani kujenga boma Kondoa, na mara ya pili alikuja na mke, wakakaa, akafa, akazikwa Kolo. Alichomwachia mkewe ni kitabu cha safari zake, cha mkono wake mwenyewe, jalada la ngozi ya mbuzi. Kilianza kwa Bismillahi kama kitabu chochote cha mtu anayejiheshimu. Tukisoma vizuri, Mwalimu alitusomea humo: mito, visima, mahali simba alipomchukua punda, mahali chumvi ilipopatikana. Tulipenda kuliko hadithi za sungura.

Lakini palikuwa na mahali fulani, akifika hapo, anakohoa, anafunua karatasi mbili kwa mara moja, anaendelea. Kila mara. Tukadhani kikohozi kimeandikwa. Idi Kengeza alipocheza kumwiga, alifika katikati ya hadithi akakohoa, na sisi tukaitikia kwa kukohoa.

Siku ya sikukuu ya Idi tulikusanyika uani kwa Jumbe Salehe. Alikuwapo mgeni, karani mmoja kijana aliyekuwa anapita, Omari jina lake, mwenye koti la vifungo. Alisikia habari za kitabu, akamwomba Mwalimu kukitazama. Mwalimu hakutaka, lakini kumnyima mgeni siku ya Idi ni aibu. Akampa pamoja na unyoya. Omari aliuweka unyoya nyuma ya sikio, akafunua kwa kidole alicholamba.

“Aa! Kumbe mmo humu,” akasema. “Sikilizeni mnavyosemwa.”

“Hapo pana vumbi, mwanangu,” Mwalimu akasema. “Fungua mbele.”

“Vumbi gani, shangazi? Panasomeka.” Akasoma kwa sauti, huku anacheka:

“Watu wa Kolo ni washenzi, hawana haya wala Mungu. Mboga yao inavutika kama kamasi. Wanawake wao wananuka samli iliyochacha. Mwanamke wao ukimwita kwa jina hageuki. Mpigie mluzi kama unavyomwita mbwa, atakuja.”

Mama yangu ndiye aliyejibu, amesimama katikati ya wanawake na upawa mkononi.

“Samli?” akasema. “Nani kwetu ana samli ya kupaka mwilini? Ni nyonyo! Huyo mtu hana pua?”

Watu wakacheka, hata Omari. Lakini kicheko kilifika kwenye mluzi kikakwama. Kwetu mwanamke haitikii jina lake likiitwa na mwanamume asiyemjua. Ndiyo heshima. Na huyu mwandishi ndiyo aliyoiona, akaandika mbwa. Jumbe Salehe hakucheka tangu mwanzo. Alikuwa amemshika sikio mtoto wake wa kike, polepole, kama mtu anayeziba tundu.

Kesho yake wazee walimwita Mwalimu. Watoto tulifukuzwa, lakini mama alikuwapo, na alinisimulia mara nyingi kiasi kwamba naweza kusema nilikuwapo.

“Mwalimu,” Jumbe akasema, “sisi tumekulisha.”

“Mmenilisha.”

“Mumeo tumemzika sisi.”

“Mmemzika.”

“Basi mtu tuliyemzika kwa mikono yetu, anatupigia mluzi kutoka kaburini?”

Mwalimu akasema, “Nimekaa na ukurasa huo miaka yote hii. Kila nikifika hapo nakohoa. Mlidhani kifua changu kibovu?”

“Kichome.”

“Kina jina la Mungu.”

“Basi ng'oa ukurasa huo mmoja.”

Hapo Mwalimu akafungua kitabu, akageuza karatasi ile upande wa pili, akasoma kwa unyoya wake, bila kukohoa:

“Nikashikwa na homa siku nne. Wenzangu wakaniacha, wakasema nimekufa. Mwanamke wa Kolo, jina lake Mbula, akanilaza kivulini mwa ghala lake, akaninywesha maziwa kwa kibuyu. Sikumwita. Alikuja mwenyewe.”

Mbula ni jina la mvua kwa lugha yetu. Ni mama yake mama yangu. Alikufa kabla sijazaliwa, na kaburi lake lilichukuliwa na korongo mwaka wa mvua kubwa, hata jiwe halikubaki.

Mama akauliza kutoka upande wa wanawake, “Limeandikwa? Jina lenyewe?”

“Limeandikwa, Hawa. Njoo.” Akamwonyesha kwa ncha ya unyoya. Mama aliinama akalitazama. Alisema baadaye lilikuwa dogo, kama mbegu nne za uwele zilizoanguka.

“Mkiung'oa upande ule,” Mwalimu akasema, “mnaung'oa na huu.”

“Futa upande mmoja,” Jumbe akasema.

“Wino ni wa masizi, mzee wangu, na karatasi nyembamba. Ukilowesha upande mmoja, na wa pili unakwenda.”

Jumbe hakuwa mtu mbaya. Alimtafuta mtu wa kumsaidia kwa macho, hakumpata. Akasema, “Mimi nina mabinti. Mpaka Ijumaa. Ukileta kitabu na maneno yale yamo, hakuna mtoto wa Kolo atakayekaa kwenye mkeka wako. Na kabla ya Ijumaa mtu asikanyage kizingiti chako.”

Kwa Mwalimu, mkeka ndio ulikuwa chakula chake, na ndio uliokuwa watoto wake, maana hakuzaa. Na kitabu ndicho kilichokuwa mkono wa mumewe. Siku zile tulipita mbele ya nyumba yake tukaona mkeka umetandikwa, amekaa peke yake, kitabu mapajani, unyoya umelala kwenye ukurasa uleule. Hasomi wala hafumbi macho. Akiona mmoja wetu alinyanyua mkono kidogo, halafu akakumbuka, akaushusha.

Siku ya tatu nikashikwa na homa. Nakumbuka paa likishuka na kupanda, na mama akinipangusa. Kombe halikuwezekana, Jumbe alikwisha kataza. Baba yangu Bakari alikuwa ameenda Kondoa na punda. Mama alingoja mpaka adhuhuri, nikaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Akatoka.

Mwalimu alikuwa mtoni anafua. Mama akaingia ndani, akaona kitabu, na unyoya umechomekwa pale pale. Hakujua kusoma, lakini mahali pale alipajua, alikwisha onyeshwa. Akachomoa karatasi, akaja nayo nyumbani. Alinieleza nilipokuwa mkubwa: “Nilisema moyoni, mama yangu alimponya mgeni wa homa kama hii. Na jina lake limo ndani ya kitabu cha Bismillahi. Dawa gani tena nitafute?” Alijaza bakuli maji, akailaza karatasi, upande wa jina chini, upande wa matusi juu, akaishika kwa ncha za vidole ili upande wa juu usilowe. Alidhani jina litashuka majini na matusi yatabaki makavu juu.

Nikanywa. Ilikuwa na ladha ya chungu kilichoungua. Kabla ya magharibi nikaomba uji.

Karatasi yenyewe mama hakuitupa, haitupwi. Aliianika juu ya jiwe, ikakauka, akairudisha mahali pake alfajiri Mwalimu alipokwenda kutawadha. Akauchomeka na unyoya.

Ijumaa baada ya sala Mwalimu akaja na kitabu. Mimi nilikuwapo, nimeegemea paja la mama, bado miguu haina nguvu. Akamfungulia Jumbe. Karatasi ilikuwa imejikunja kama ngozi iliyopigwa na jua, rangi ya moshi, haina hata nukta.

“Umefuta,” Jumbe akasema.

“Yamefutika.”

“Na la Mbula?”

“Nalo.”

Jumbe aliinamisha kichwa. Nadhani alitarajia Mwalimu angepata njia. “Ungejaribu…” akasema.

“Niliwaambia, mzee wangu.”

Mama alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Mwalimu hakumtazama hata kidogo. Alifunga kitabu, akamwambia Jumbe, “Watoto wangu nipewe leo au kesho?” Akapewa siku ile ile. Kijiji kizima kikasema Mwalimu ametii. Yeye, mwanamke aliyekuwa hatii hata mgongo wake mwenyewe, akaacha wamseme hivyo. Mama alipompelekea mlenda jioni ile, alisema kama kawaida, “Leo tu, Hawa.” Hakuuliza kitu, wala mama hakusema kitu, wakaishi hivyo miaka yote.

Kilichobadilika ni kikohozi. Kiliisha. Sasa akitusomea kitabu cha safari na kufika pale, hakuruka. Alifunua ukurasa mtupu, unyoya ukatembea juu yake mstari kwa mstari, midomo ikicheza bila sauti, akageuza upande wa pili, unyoya ukatembea tena. Halafu akaendelea kwa sauti. Sisi tuliojua “soma ulichokiona” tulibanana viwiko. Ramadhani alisema Mwalimu ameanza kuzeeka.

Nilikaa kwenye mkeka ule misimu mitatu, sikuongeza shule nyingine mpaka uzeeni, walipokuja wa elimu ya watu wazima wakanifundisha herufi hizi za kizungu. Niliolewa na Athumani wa Kondoa, nikahamia huko. Nilimwona Mwalimu kwa kupita tu, salamu na mzigo wa uwele.

Mara ya mwisho ilikuwa wakati wa vita, Mjerumani anaondoka na Mwingereza anakuja, na watu wa Kolo wanahamia mabondeni na mifugo yao. Mama yangu alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Nilikwenda na mwanangu wa kwanza, Zuhura, mgongoni, nimchukue Mwalimu akakae kwetu. Nilimkuta mlangoni, asubuhi, amenyosha miguu juani. Macho yalikwisha kuwa meupe. Magoti yanang'aa.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwizi wangu. Zaina. Na uliyembeba?”

“Zuhura.”

“Analia kwa pua, kama wewe.” Akanipapasa uso. “Siendi kokote, kwa hiyo usipoteze maneno. Mgongo unaniuma. Niletee kitabu.”

Nikamletea. Akafunua bila kuona, kwa kuhesabu karatasi kwa ncha ya unyoya, akafika kwenye ile iliyojikunja.

“Ulikunywa nini hapa, unajua?”

Nikashtuka. “Nani alikwambia?”

“Karatasi. Ilirudi na alama za vidole kwenye kingo, zinapitisha mwanga, na harufu. Nani mwingine Kolo nzima anaingiza mkono kwenye kitabu ananuka nyonyo kiasi kile? Nimengoja Hawa apumzike ndipo niseme. Haya, ulikunywa nini?”

“Jina la bibi,” nikasema. “Mama aliweka upande wa jina chini.”

“Chini!” Alicheka mpaka nikampigapiga mgongoni. Kile kikohozi cha zamani kikarudi, cha kweli sasa. “Mwanangu, karatasi nyembamba ile! Ulikunywa jina, na kamasi ukanywa, na samli, na mluzi wa mbwa. Vyote bakuli moja. Na ukapona, ukaomba uji.”

Sikuwahi kulifikiria hilo. Miaka yote nilijua nilimnywa bibi yangu.

Alipomaliza kucheka aliweka unyoya juu ya ukurasa. Halafu akasema, “Pande zote mbili ninazo hapa,” akagusa kifua. “Nilikuwa nazisoma mbele yenu. Sina mtu mwingine anayezijua. Nikifa zinakwisha. Wewe ndiye uliyetukanwa, wewe na mama yako na huyo wa mgongoni. Ukisema zisiandikwe, nanyamaza, na sitakulaumu. Lakini nikisema, nasema zote mbili. Nusu sisemi.”

“Kwa nini, Mwalimu? Andika la bibi tu. Nani atakuuliza?”

“Yule aliyenyweshwa maziwa ndiye aliyeandika mluzi,” akasema. “Mkono mmoja. Aliandika upande wa kwanza hajaugua bado, hajui atakayemwokota ni nani. Ukimwandika Mbula peke yake, utakuwa umempa maziwa mtu mwema. Mbula hakumpa maziwa mtu mwema. Mimi nililala na mtu yule, namjua.” Akafuta jicho kwa kaniki. “Alikuja kujuta. Mara ya pili alitaka kuifuta mwenyewe, nikamwona ameshika kitambaa kibichi. Akageuza, akakuta jina upande wa pili. Akakianika kitambaa.”

Nikakaa chini. Nikamshusha Zuhura akalala kwenye mkeka uleule. Kalamu ya tete ilikuwapo, na wino kidogo nikauchanganya.

Akaanza kusema, mimi nikiandika juu ya karatasi ileile. Watu wa Kolo ni washenzi. Niliandika. Nikaandika kamasi, nikaandika samli. Nikafika kwenye mluzi, mkono ukakataa. Zuhura alikuwa anapumua pale karibu, mdomo wazi. Mwalimu haoni. Ningeweza kuruka mstari, nikasema nimeandika, dunia nzima isijue.

“Kalamu imelala,” Mwalimu akasema. Alikuwa anaisikiliza inavyokwaruza.

“Siwezi hapa.”

“Basi iache.”

Hakunihimiza, hakuvuta pumzi kwa nguvu kama watu wanaotaka jambo lao. Alinyosha tu magoti yake juani, akangoja, kana kwamba lolote nitakalofanya litakuwa sawa kwake. Na hilo ndilo lililonishinda. Nikamkumbuka karani Omari na kicheko chake, nikaona nikiuacha mluzi, aliyeusoma kwa sauti mara ya mwisho atabaki kuwa yeye. Nikachovya kalamu. Nikaandika, atakuja.

“Geuza,” akasema. Nikageuza. Nikaandika homa, na ghala, na kibuyu. Mbula niliiandika kubwa, kubwa kuliko marehemu alivyoiandika, Mungu anisamehe. Sikumwita. Alikuja mwenyewe.

“Nisomee.”

Nikamsomea upande wa kwanza na upande wa pili, unyoya mkononi, neno kwa neno. Nilisoma nilichokiona.

“Umeacha pembeni?” akauliza.

“Nimeacha.”

“Pembeni si pa mwandishi. Pembeni pa kitabu ni pa msomaji. Una neno?”

Nilikuwa na maneno mengi. Ya hasira yalikuwapo, na ya kumjibu mtu kaburini, na ya kumtetea mama. Lakini pembeni penyewe palikuwa pembamba, upana wa vidole viwili. Nikatafuta, nikapata moja linaloenea. Nikaliandika karibu na mstari wa samli, wino ukikaribia kuisha.

“Umeandika nini?”

“Si samli,” nikamsomea. “Ni nyonyo.”

Akanyosha mikono. Nikampa karatasi, naye, ambaye hakugusa kitabu kwa kidole maisha yake yote, aliishika kwa vidole vyote kumi, pale nilipokuwa nimeishika mimi. Akaipeleka puani. Akavuta pumzi ndefu.

“Kweli,” akasema. “Nyonyo.”